Wanaomwulizia Nanjala

"Ulimwambia nini? Hebu rudia!" Waceke alisimama katikati ya ploti, mikono kiunoni, povu la sabuni likimtiririka viwikoni.

"Nilimwambia ukweli," alijibu Mwihaki, Mama Kibe, jirani yake wa mlango wa pili, bila kuacha kukata mboga ya sukuma. "Kwamba Nanjala ni msichana mpole. Hatokitoki. Hana maneno na mtu. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anasema pole."

"Umemmaliza mtoto wa watu!"

"Mimi? Kijana amekuja na shati limepigwa pasi, ananukia, anauliza majirani wanamwonaje Nanjala. Ningedhani nini? Si hao ndio hutafuta bibi?"

"Mama Kibe, hukuona begi lake? Lina picha ya dunia inatoka jasho! Huyo ni mtu wa shirika!"

Kisu cha Mwihaki kikasimama.

Ploti nzima pale Kabiria ilikuwa na habari za hilo shirika la mjini, lile la kupigania hali ya hewa. Mwaka mzima Nanjala alikuwa amelifanyia kazi ya kujitolea, akigawa karatasi kwenye stendi ya Kencom na kuchora mabango. Sasa mkutano mkubwa wa hali ya hewa kule Gigiri ulikuwa unakaribia, na shirika lilitaka kuajiri mtu mmoja wa kuwatoa watu manyumbani na kuwaongoza barabarani. Desturi yao ilikuwa kutuma mtu kimyakimya kwa majirani kwanza: je, huyu akiita, watu hutoka? Nanjala asipoipata kazi hiyo, mwisho wa mwezi alikuwa anarudi kwao Kimilili. Vyombo alishaanza kuvifunga.

"Wanataka mtu wa kelele," Waceke alisema, "na wewe umewapa mtakatifu."

"Sasa nani angejua? Mtu anaajiriwa kugombana na jua?"

"Kama huelewi, nyamaza. Watatuma mwingine, mkubwa wake. Ofisi haiamini mtu mmoja. Akija, wewe kaa na sukuma yako. Nitaongea mimi."

Alikuja kabla hata nguo za Waceke hazijakauka kambani. Mama wa makamo, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, viatu vimeshika udongo mwekundu. Hakutaja jina. Alisimama langoni akaziangalia kamba za nguo, akauangalia mlango wa choo, akauangalia mlango wa Nanjala uliotiwa kufuli. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama Nanjala yuko.

"Ametoka, madam," Waceke alimdaka. "Huyo hakai nyumbani."

"Hakai?"

"Hata siku moja!"

Mwihaki alimletea chai. Mgeni alikataa kwa adabu. Mahali hapa, alisema, bado hawezi kuonja hata maji. Waceke akamkonyeza Mwihaki. Unaona? Hawa hawahongwi.

"Na usiku hulala hapa?" mgeni aliuliza.

Waceke alimpima kwa jicho la pembeni. Swali la mtego hilo. "Kukiwa na kazi, halali. Hukesha kwenye ukumbi wa kanisa kule Kawangware wakichora mabango, yeye na vijana."

"Vijana wa kike?"

"Wa kiume, madam! Kundi zima. Akisema twende, wanaenda. Akisema laleni chini barabarani, wanalala."

Mgeni aliubana mkoba wake kwapani.

"Na wazee, anawaheshimu?"

"Muulize mzee wa mtaa! Siku walipokata miti kule mtoni, Nanjala alimfokea mbele ya watu mpaka akakimbia kujifungia kwake."

Mwihaki alikohoa. Aliyefoka siku hiyo alikuwa Waceke mwenyewe. Nanjala alikuwa amemshikia mwavuli tu.

"Anajua kupika?"

Hapo Waceke alisita. Ofisi na kupika, wapi na wapi? Alimwangalia mgeni kiatu hadi kitambaa, na ghafla akashtuka. Makaa! Watu wa hali ya hewa hawataki kuuona moshi wa makaa. Kwa kisigino alilisukuma jiko la Mwihaki nyuma ya mlango.

"Hapiki kabisa. Jiko hata kuliwasha hajui. Akiona njaa anabisha mlango wowote, anakaa, anakula."

"Mlango wowote."

"Wowote! Ndiyo maana anajulikana mpaka Riruta. Na msiogope eti ataacha kazi aende kuzaa. Mambo ya watoto hayataki. Amesema mwenyewe, hapa hapa, na mdomo wake."

Nanjala hakuwa amesema lolote la aina hiyo, lakini Waceke alishapata moto, na mtu akishapata moto mbele ya mgeni anayesikiliza vile, atajizuiaje?

Uso wa mgeni ulikuwa umejifunga kama duka siku ya maandamano. Waceke akaanza kuingiwa na baridi. Au yule kijana wa asubuhi ameshaharibu, na huyu amekuja kutimiza wajibu tu?

"Madam, usitufiche," alisema, sasa kwa sauti ya kubembeleza. "Huyu msichana ametaabika. Kazi mtampa, ama hamtampa?"

"Kazi gani?" mgeni aliuliza. "Mimi ni mamake Haron, hapo Waithaka tu. Kijana wangu anataka kumwoa Nanjala. Nikasema kabla hatujaja rasmi, nipite nisikie majirani wanasemaje."

Mwihaki aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye leso, akamshika mgeni kiganja.

"Ingia kwangu ukae kidogo, mama," alisema. "Jirani wa Nanjala ni mimi. Huyu amehamia juzi."