Kibosile wa Kitanda cha Dirishani

Tek-tek-tek. Kifuniko cha sufuria ya uji kilikuwa kikirukaruka, na nje, mtaani Kabeza, bado giza. Bibi Pudentienne aliuepua uji, akaumimina kwenye chupa ya chai, akaonja kijiko kimoja kwa ajili ya sukari na cha pili kwa ajili ya ulafi.

"Bibi, leo tena?" mjukuu wake Shallon aliuliza kutoka kitandani.

"Leo tena. Nikikaa hapa nitaongea na nani? Juzi nilikwambia suruali yako pana ni bugaluu, ukacheka mpaka ukapaliwa."

"Hayo maneno yako hata intaneti haiyajui!"

Ni kweli. Pudentienne alikulia Tabora, akarudi Rwanda na sanduku moja na Kiswahili cha vijana wa mwaka sabini na tano. Sanduku lilipochakaa alilitupa. Kiswahili nacho kilichakaa, ila hicho aliendelea kutoka nacho hadharani, kama mtu aliyevaa kanga iliyotoboka nyuma asijue. Sokoni Remera alimsifu muuza nyanya kwamba ni kidosho, msichana mzuri. Akaletewa fungu la vitunguu.

Aliyebaki wa kumwelewa alikuwa mmoja tu: Ntare, ambaye Tabora walimwita Kibosile, yaani tajiri mkubwa, kwa sababu hakuwa na kitu. Hawakuwa wameonana kwa miaka arobaini. Jumatatu binti wa Ntare alipiga simu: mzee amepasuliwa kooni, yuko wodini, kitanda cha dirishani, na daktari amemkataza kuongea.

Jumanne Pudentienne alimkuta amefungwa bandeji kutoka kidevuni mpaka kifuani. Amezeeka, maskini, hata masikio yamekua. Alipomwita Kibosile, mzee aliinua mkono na kuutikisa.

"Shusha mkono! Daktari kakataza," alimwambia, akamlisha uji taratibu.

Tangu hapo akawa anakwenda kila asubuhi. Alimsimulia habari za mabitozi, wale watanashati waliovaa viatu vya raizoni, soli nene kama matofali, wakaanguka mlangoni mwa dansi mbele ya wasichana. Alimsimulia pia jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa kidosho, halafu akakohoa kidogo kwa haya. Mzee alicheka kwa mabega. Wakati mwingine alicheka kabla ya kichekesho kufika, lakini Pudentienne alijilaumu mwenyewe: siku hizi husimulia mwisho akaja kuukumbuka mwanzo.

Alhamisi alikuta kiti chake kimefutwa vumbi na kimewekwa kwenye jua. Juu ya kabati, ndani ya karatasi safi, nusu ya chungwa ilikuwa inamngoja. Alilila polepole, asitazame juu, maana macho yalikuwa yamemlowa na hakutaka mtu mzima mwenzake amwone akilia kwa ajili ya chungwa.

Leo Ijumaa bandeji ilikuwa imetolewa. Muuguzi alisema mzee anaruhusiwa kuongea, ila kidogo.

Pudentienne aliweka chupa chini. Akakisogeza kiti karibu na kitanda.

"Haya, Kibosile. Neno moja tu. Lolote la zamani, la kwetu, nijue sijabaki peke yangu."

Mzee alimeza mate. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na sauti ikatoka nyembamba, ya kukwaruza.

"Mama, yule rafiki yako alitoka Jumanne asubuhi, akaenda nyumbani, ndiyo wakanileta mimi hapa dirishani. Mimi jina ni Nkusi, nilikulia Mbarara, na hiyo Kiswahili yako ya zamani sikuelewa hata neno moja. Lakini kesho usikose, Mama. Rudi tena."