Kiti Kando ya Mkunde

Damu ni nyepesi kuliko maji. Hiyo ndiyo imani ya mashine inayopanga viti vya chakula katika kituo cha watafiti wa kompyuta kule Usambara. Hukalisha pamoja wale tu ambao maongezi yao yatazaa jambo jipya.

Bi Sikudhani, mpishi wa kituo, hakuwa amemwona bintiye Mkunde, mtafiti aliyefika kituoni siku hiyo, kwa miaka minne. Alivua aproni, akaketi kando yake.

"Inuka, tafadhali," mashine ikasema. "Ninyi wawili hamna jipya la kuambiana."

Bi Sikudhani akamgeukia bintiye. Mkunde alikwisha kusimama na sahani yake.

"Mama, iombe mashine radhi basi. Watu wanatutazama."

"Nilikunyonyesha miaka miwili, hukuniambia jipya hata moja, wala sikukuambia uinuke. Siombi."