Bwawa la Odera

Odera alikunja suruali ya suti yake mpya hadi magotini, akashika ndoo, akaingia bwawani. Wazee wa kanisa walikuwa wamejipanga ukingoni wakimtazama. Pampu ingeimaliza kazi ile bila jasho, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na Odera hakuwa tayari kungoja. Jina lake lilipaswa kusafishwa leo hii.

"Si lazima, ndugu," Mchungaji Okullo alimwambia kwa upole. "Acha tu vile iko."

Upole huo ulimchoma zaidi. Odera akachota ndoo ya kwanza, akaimwaga kwenye migomba.

Bwawa lenyewe halikuwa kitu cha kutisha. Odera, Mkenya aliyevuka mpaka akauza vipuri vya magari katika mtaa wa Kisenyi, aliliona moja kama hilo hotelini, akarudi kwake mtaani Naguru kichwa kimemvimba. Alichimba mwenyewe nyuma ya nyumba, akatandika turubai la lori, akazungushia mawe, akapanda mayungiyungi, akatia samaki wadogo aina ya ngege. Mkewe Nerima alitaka kujua ngege hao wataliwa lini. Odera akamjibu kwamba hawa ni wa kutazamwa. Nerima alicheka mpaka akakaa chini. Kwao Busia, samaki wa kutazamwa ni yule ambaye bado hajaiva.

Kila jioni, masikio yangali yanavuma kelele za Kisenyi, Odera alikaa ukingoni akiwarushia ngege makombo ya mkate na kuwasimulia habari za siku. Ngege walipogombania makombo, maji yalitibuka, naye akafurahi kama mtu aliyeitikiwa salamu. Ilikuwa raha yake peke yake, na aliipenda kweli.

Akwero, mke wa polisi jirani, aliyaona hayo juu ya ukuta akianua nguo.

"Mimi nimeona na macho yangu," aliwaambia wenzake bombani. "Yeye anaongea na maji, na maji inamjibu. Hiyo pesa yake iko na mwenyewe pale ndani."

Kwamba Odera anafuga jini la utajiri bwawani, hilo halikuhitaji kuelezwa zaidi. Uvumi ukashuka hadi Kisenyi, ukapanda hadi Kawempe, ambako Odera alisali katika kanisa la mabati na maturubai pamoja na familia za askari na polisi.

Hapo ndipo roho ilipomruka. Tangu avuke mpaka, alikuwa ametamani kitu kimoja tu, nacho ni uzee wa kanisa. Miaka yote hiyo alifagia, akabeba viti, akaimba sauti ya nne vibaya lakini kwa moyo, na hakuna aliyelitaja jina lake. Na sasa, mwezi huu huu wa fitina, Mchungaji Okullo alikuwa amelitaja mbele ya waumini wote. Jumapili wangemsimika.

Odera alilia kwa furaha, kisha akaingiwa na hofu. Uvumi ule ungemwacha kweli? Hata dukani wateja walikuwa wameacha kubishana bei. Walilipa haraka, wakamuaga kwa mikono miwili, wakaenda zao. Alipoletewa habari kwamba wazee wangependa kuyaona maji yake kabla ya Jumapili, alijua wanakuja kumhukumu.

Nerima aliwatazama wakiingia getini na nguo zao za ibada.

"Baba Byron," akamnong'oneza mumewe, "hawa watu hawana sura ya kesi."

Hakumsikiliza. Aliwaona wakilizunguka bwawa polepole, wakizungumza chini chini. Alimwona Mama Santa, mjane wa sajini na mkongwe kuliko wazee wote, akivua viatu kabla ya kukanyaga ukingo, akadhani anaogopa tope. Ndipo Odera alipopiga moyo konde na kuingia na ndoo.

Alichota mpaka mgongo ukamgomea. Ngege aliwahamishia kwenye beseni, mmoja mmoja, akiwaomba radhi kimoyomoyo. Mayungiyungi yakalala chini. Ilimuuma sana kuona raha yake inaishia kwenye migomba, lakini alijiambia bwawa litajazwa tena siku nyingine. Mchungaji alimsihi tena aache, na mara hii sauti yake ilitetemeka. Odera akazidisha mwendo.

Maji yalipokwisha, alilifunua hata turubai, pembe hii na ile, mpaka wote wakauona udongo mwekundu chini yake.

"Mmeona wenyewe," akasema akihema. "Mimi sina jini. Sijawahi kuwa nalo. Ni hawa samaki tu, na jasho langu."

Mama Santa akaketi juu ya jiwe, akaanza kulia. Odera naye machozi yakamlengalenga, maana aliona kwamba mwishowe wamemwamini.

Mchungaji akasogea, akainama kulichungulia shimo kwa mara nyingine, kisha akamshika Odera bega.

"Hata kadogo, ndugu?"

"Hata kadogo, Mchungaji. Mbele ya Mungu."

Mchungaji Okullo akavua kofia taratibu, kama watu wanavyofanya kaburini. "Basi uzee tutampa mtu mwingine," akasema. "Na sisi tumeshachimba msingi ya kanisa mpya, tukijua pesa ya hiyo jini iko."