Kitabu cha Haidari Kisafishwe

“Usifunge mlango,” alisema Haidari, ingawa siri ilikuwa yake.

Nahashon akaurudisha nusu. Chumba chake cha Shauri Moyo kilitazamana na mafundi bati, na kazi yake haikupenda macho. Zamani alikuwa karani wa jeshi. Siku hizi aliwaandikia watu barua, na kwa waliostahili huruma alifuta mabaya kwenye vitabu vyao vya jeshi, kwa maji ya ndimu, pamba na wembe. Askari wengi wa Pumwani waliingia kwake wahuni wakatoka malaika.

“Wazee wa Lela wanakitaka kitabu baada ya sala ya alasiri,” Haidari alisema. “Eti wasome, wajue wanamwoza nani.”

“Lela yupi? Dada yake marehemu Saad?”

“Ndiye huyo.”

Saad na Haidari walipelekwa Uhabeshi pamoja wakati wa vita, kupasua njia ya kupenya ndani ya mlima. Mlima ukammeza Saad na wenzake wanne. Sasa ni mwaka 1953, na Haidari bado hulala barazani, masika na kipupwe. Majirani humsikia usingizini akiita majina matano, moja moja, kama mwalimu mwenye rejista. Kila jina hungoja liitikiwe.

Nahashon alivaa miwani, akasoma kwa sauti ya kasisi. “Januari: amekutwa amelala ndani ya toroli. Februari: ameiba jemu ya maafisa, makopo matatu. Machi: amemwita sajini mbuzi.”

“Mbele ya mbuzi. Aliyestahili kushtaki ni mbuzi.”

“Aprili: amekataa kuchimba siku ya Maulidi, siku saba rumande. Mei…” Akashusha miwani. “Bwana wee! Hukupata kutii amri hata moja?”

Haidari hakucheka. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ukosi wa kanzu yake mpya.

“Humo mna jambo, Nahashon. Lela akilisoma, sina mke. Usingizi nilishaukosa zamani.”

“Ondoa shaka. Wewe ni wa ndimu ishirini, lakini utatakata.” Akachovya pamba, akaipeleka kwenye ile jemu.

Haidari akamshika mkono.

“Hayo yaache. Wayasome yote, wacheke mpaka wachoke.” Akafunua ukurasa wa mwisho, wenye muhuri mwekundu. “Ning’olee huu.”

Nahashon akausoma, safari hii bila sauti:

*Askari Haidari anasifiwa kwa utii wake. Mlima ulipoanza kuporomoka, aliamriwa aulipue mdomo wa njia ili kuinusuru mitambo, naye akaulipua papo hapo, ingawa watu watano walikuwa bado wanamwita kutoka ndani.*