Dawa ya Jumatatu

Kila Jumatatu Sihaba huenda kwa Bwana Faki, muuza dawa za miti shamba, kwa sababu ya moyo wake unaoshtuka hata kikombe kikidondoka kwa jirani. Faki humshika kifundo cha mkono na kumuuliza, "Umelalaje, dada?" Naye humsimulia mpaka ndoto, huku majani makavu yakifungwa karatasini kwa uzi.

Leo Faki alimshika mkono, akatabasamu.

"Moyo umetulia. Dawa imekukubali. Sasa huna haja ya kurudi."

Sihaba akashukuru, akaondoka. Nyumbani alifungua kabati. Vifurushi vilijaa rafu mbili, kila kimoja na uzi wake, hata kimoja hakijafunguliwa. Akaketi kitandani, akajishika kifundo cha mkono, akangoja kuulizwa.