Mstari wa Shavu la Kulia

Mstari ulikuwa umeshachorwa kwenye shavu la kulia, kwa wino wa zambarau, Mejumaa aliposema, "Mwanangu, maradhi yangu yako kushoto."

Mwanafunzi wa mionzi, koti jeupe mpaka magotini na shikamoo haijui, alicheka kwa pua. "Bibi, maumivu hudanganya. Picha haidanganyi. Kesho mashine itachoma hapo nilipochora."

Mejumaa alimtazama kama mtu atazamaye samaki wa juzi. Kisha akaigeukia ile picha ya kichwa chake, iliyotundikwa mbele ya taa. Uvimbe ulikuwa kama kiwingu kando ya pua. Upande ule ule kiling'aa kidoti cheupe.

"Na kile ni nini, bwana mkubwa?"

"Kile? Ni kipini chako."

"Haya. Nimekivaa upande gani?"

Kijana akatazama pua, akatazama picha, akarudi kwenye pua. Kipini kilikuwa kushoto, hakijahama tangu arusi yake ya mtaani Ndia Kuu. Picha ndiyo iliyotundikwa nyuma mbele.

Akanyakua pamba na spiriti. Mejumaa akamdaka mkono.

"Usifute. Mwite mwalimu wako aje auone."