Sura Iliyoshonwa

Tunu, mkutubi, alikifungua kitabu alichorudishiwa na Fundi Vuai, mshona nguo, akapigwa na butwaa. Kingo za sura nzima ya mwisho zilikuwa zimeshonwa kwa uzi wa bluu, mshono safi kama wa pindo la suruali.

"Fundi, umekifanya nini kitabu cha watu?"

"Humo mna mtu aliyerudi nyuma miaka thelathini," mzee alisema, "akamkuta mkewe mzima, anachoma vitumbua. Nikaona kurasa zimebaki chache, nikajua watamtoa kule. Nikamfungia mlango."

"Kwa hiyo mwisho hukuusoma?"

"Mwisho naujua, mwanangu. Ndio ninaoishi."

Sheria ya maktaba haikuwa na huruma: aliyeharibu kitabu hufutwa uanachama. Tunu akatoa wembe, akakata uzi kidogo tu. Fundi Vuai akageuzia uso dirishani. Kurasa zikaacha upenyo, na Tunu, udadisi umemshinda, akachungulia mistari miwili mitatu.

Akauweka wembe chini taratibu.

"Fundi, sindano unayo?"

Mzee akapeleka mkono kwenye ukosi wa shati, ilikochomekwa, uzi wa bluu bado ukining'inia.